Mji Ambao Sikukupa, Baba Gasper

Mzee Feliksi Bukuru, Ujiji, Kigoma
1952 – 12 Februari 2024

Leo mwaka umezunguka, Baba Gasper, tangu ututoke asubuhi ile, mfuko wako wa dagaa wa kupeleka Kalinzi ukiwa umeshafungwa, umeegemea mlango.

Ulikuwa fundi wa karabai. Wavuvi wa Kibirizi walikuletea taa zilizogoma, ukazizibua kwa sindano, ukapiga pampu, zikawaka mchana kweupe. Mwenye haraka ulimwambia, "Ziwa halihami, kaa unywe maji." Taa za betri zilipokuja, karabai zikakosa wenyewe. Wewe uliendelea kuzifuta kila Jumamosi.

Ulipoondoka na wenzako wa mgambo mwaka 1978 kwenda vita vya Kagera, ulikuwa msemaji, bingwa wa vitendawili. Mimi ulinipata kwa vitendawili kuliko kwa mahari, na baba yangu alijua hivyo.

Ulirudi kwa treni. Nilikupokea stesheni, Gasper mgongoni. Hata hukunisalimia.

"Kitendawili."

"Tega."

"Tulikwenda wawili, tumerudi wawili, watu wanamwona mmoja."

Nilishindwa. Ukasema, "Nipe mji." Nikakupa Ujiji.

"Ujiji ni kwetu, mama. Siutaki."

Toka siku hiyo nilikupa Tabora, nilikupa Mwanza, nikakupa hata Bujumbura. Ulitikisa kichwa tu. Na mtega kitendawili asipopewa mji anaoutaka, hafumbui.

Mji uliokuwa unautaka niliujua. Redio ikitaja Masaka, kule Uganda mlikopigana, uliacha ugali ukatoka nje. Niliujua, nikaogopa kuutamka. Nilisema moyoni, akianza kunieleza atarudi huko huko, na mimi nimeshampata. Basi nikanyamaza miaka arobaini na mitano. Hilo ni kosa langu, naliandika hapa lisomwe.

Ulikuwa unabakiza tonge moja pembeni ya sahani, kila siku. Nilikugombeza sana, nikasema chakula si cha kuchezea. Nisamehe. Sasa najua lilikuwa la nani.

Kila Februari ulipanda Kalinzi na dagaa, ukarudi na kahawa na maharage. Jirani yetu Hamdani alikutania, "Feliksi, huko mlimani umeficha mke mdogo?" Ukamjibu, "Nimeficha dada." Tulijua ni Honorata, dada yake Castory, yule mwenzako ambaye hakurudi. Zaidi ya hapo sikuuliza.

Mwaka huu mfuko nimeufunga mimi. Nimepanda gari mpaka Mwandiga, halafu pikipiki, na magoti haya unayoyajua. Honorata alinipokea mlangoni.

"Karibu wifi. Miguu ilinizuia kuja kumzika kaka yangu, nisamehe."

Akanipa kahawa. Nikashindwa kuvumilia. "Wifi, kile kitendawili chake, na wewe alikutegea?"

"Alinitegea. Mwaka ule ule aliorudi."

"Ukampa mji gani?"

"Masaka. Si ndiko alikobaki mdogo wangu? Ningempa upi mwingine? Akanieleza yote, kahawa ikapoa hatujainywa. Hakurudia tena. Wewe hakukwambia?"

Nilisikia wivu, mume wangu, na uzee wangu wote huu. Mtu wa pili ni Castory, hilo hata mtoto angelijua. Lakini yaliyowapata kule, jinsi ulivyomwacha au mlivyoachana, Honorata anayajua, mimi niliyekufulia nguo siyajui.

Akaniambia, "Nikueleze?"

Nikamwambia, "Hapana, wifi. Mwenye kitendawili yupo." Alipoona machozi yangu, akaniongezea maharage kwenye mfuko.

Nyumba ni kubwa siku hizi. Nikisema "Kitendawili," mjukuu wetu Happiness anajibu, "Bibi, subiri kidogo," macho kwenye simu, halafu anasahau. Simlaumu, ni mtoto mzuri, ananichotea maji. Wa kusema "Tega" ndiye hayupo. Juzi nilijitegea mwenyewe, nikajishinda mwenyewe, nikakosa wa kumwomba mji.

Kwa hiyo leo, mbele ya wote wanaosoma, nakupa. Nakupa Masaka. Chukua mji wote, na barabara zake, na pale alipolala Castory. Siogopi tena. Nikifika huko uliko usinisalimie, kama ulivyofanya stesheni. Nifumbulie kwanza.

Unakumbukwa na mimi mkeo Eufrasia, wanao Gasper, Frida na Elia, wakwe zako, wajukuu zako wote, na Happiness anayekaa nami, Hamdani, ambaye hana tena wa kumtania, na dada yako Honorata wa Kalinzi, ambaye dagaa wake watafika kila Februari nikiwa hai.

Hatukukusahau mwaka huu, na miaka yote ijayo hatutakusahau.