Upindo wa Gauni la Harusi

Kaka yangu,

Shikamoo. Mgongo umeachia, au bado unainuka kitini kwa awamu? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mwilini sijambo; kichwani ndiko kulikovurugika, na ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Mama anakula vizuri, na ufundi cherehani haujamtoka: akiona nguo ya mtu imekaa vibaya, haachi kusema. Ila ameanza kukumbuka mambo ambayo hayakutokea. Kila mgeni anayeingia sebuleni husimuliwa alivyonishonea gauni la harusi: pini mdomoni, mimi nikijitingisha, kifua kikabana, akakifumua mara tatu. Eti siku yenyewe alikaa mstari wa mbele. Kaka, wewe unajua. Mama aliapa hatakanyaga kwenye harusi yangu na mchora mabango, na hakukanyaga. Gauni tulinunua dukani, mimi na wewe.

Daktari aliniambia mama hasemi uongo. Ugonjwa unatoboa kumbukumbu, na akili inaziba matundu kwa viraka inavyovipata. Akanisihi nisibishane naye. Nilimwitikia, lakini moyo ulikataa. Miaka kumi na tisa nimesubiri mwanamke huyu aniombe radhi, kumbe mwenzangu ameshahudhuria!

Nikalitoa gauni sandukuni, nikamwekea mapajani, nikamwonyesha lebo ya duka shingoni. Hakuitazama. Aligeuza upindo, akaupapasa, akaanza kulia. Alisema huo si mkono wake, kuna mtu ameifumua kazi yake na kuishona ovyo ovyo. Siku mbili hakugusa chakula, akawa ananiuliza amemkosea nani. Nilijiona mchawi.

Sasa nikiri, maana kwako sina pa kujificha. Mama alipolala mchana, niliikata ile lebo. Nikaufumua upindo wote, nikaushona kwa mkono kama alivyonifundisha utotoni: uzi maradufu, fundo limefichwa ndani ya mshono wa ubavuni. Alipoamka nikampa. Aliupapasa mpaka akalifikia fundo, akatulia. Akasema naam, huu ndio wake, ingawa siku ile alikuwa na haraka, mishono mingine imekwenda upogo. Nilicheka, kisha nikamshukuru kwa gauni. Akaniambia nilipendeza. Nilienda jikoni nikalia.

Tangu hapo sijielewi. Jana nilikuwa naosha vyombo, nikamwona: mstari wa mbele, kitambaa cha bluu kichwani, anajifuta machozi. Nilijua si kweli, na bado nilimwona. Nikakimbilia picha, hayumo. Leo asubuhi nimejikuta nikiwaza labda yeye ndiye aliyekuwa akipiga picha, mama ambaye hajawahi kushika kamera.

Ukija mwezi ujao atakuhadithia. Mwitikie, nakuomba, sema alikuwepo. Lakini mimi nikikuuliza, hata nikikuuliza huku nacheka, nivute pembeni uniambie hakuja. Umebaki wewe tu wa kunishikia ukweli.

Wabusu watoto, na wifi mwambie kitambaa chake nimeshakikata. Mama naye anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia, alisema nisisahau kukushukuru kwa kumwekea kiti mstari wa mbele.

Kaka, ulimwekea kiti?

Mdogo wako,
Kifungo