Shangazi, Baiskeli Yako Haikutundikwa

Via del Maglio 7,
Valsera,
Bergamo.

26 Mei

Mpendwa Shangazi Nives,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Goti lako linaendeleaje? Mama anasema huko Rosario baridi ndiyo inaingia, wakati sisi huku tumeshafungua madirisha na nyuki wanaingia hadi jikoni. Na Mjomba Aníbal, ameacha chumvi kama daktari alivyomwamuru, au bado anaificha chini ya leso mezani?

Sisi ni wazima. Baba anakohoa kila asubuhi na kila asubuhi anakana kwamba amekohoa. Mama amepanda nyanya. Mimi nimefaulu mtihani wangu wa mwisho, sasa imebaki tasnifu tu. Nakutangulizia habari hizi njema kwa sababu barua yote iliyobaki ni ya hasira, na sitaki udhani kwamba sina jingine moyoni.

Ni habari ya baiskeli yako.

Uliponiambia kwenye simu siku ya Krismasi, "Ichukue, uipande, usiifanye maiti," niliitoa ghalani jioni ile ile. Tairi zilikuwa zimekauka kama maganda ya vitunguu. Lakini fremu, Shangazi! Ile rangi ya cheri aliyoipaka Babu alipokuundia ilikuwa bado inang'aa chini ya vumbi, na kutu ilikuwa ya juu juu tu. Niliigonga kwa ukucha kama Babu alivyokuwa akifanya, nikaisikia inaitikia kama glasi.

Niliamua kuitia vifaa vya kisasa. Sikuamua kwa ufahari. Wewe ulipanda mlima wa Crocetta kwa gia ambazo mimi zingeniua kabla ya kona ya pili, na breki zako zile zilihitaji kwanza sala na kisha ukuta. Nilitaka fremu ya Babu, lakini gia nyepesi za leo, breki zinazosimamisha, na magurudumu ambayo nikivunja spoku nitaipata dukani. Nilitaka kuipanda. Ndivyo ulivyoniambia nifanye.

Gurudumu la nyuma la siku hizi ni pana kidogo kuliko nafasi uliyoachiwa na Babu. Basi nikachukua ile boliti yake ndefu yenye nati mbili, nikaipanua miguu ya nyuma ya fremu taratibu, huku nikiipima kwa uzi kutoka kichwani hadi nyuma, upande huu na upande ule, hadi ikawa sawa. Tunaambiwa samaki mkunje angali mbichi. Chuma cha Babu kina umri wa kunizaa na kilikubali kukunjwa bila kinyongo. Watu wa ukoo wetu ndio waliokataa.

Baba mkubwa Galdino alikuja uani akanikuta nikifunga breki mpya. Hata salamu hakutoa.

"Hii nini?"

"Breki, Baba mkubwa."

"Naona ni breki, sijapofuka. Nauliza, umeitia madude ya dukani baiskeli ya marehemu?"

"Si ya marehemu. Ni ya Shangazi, na amenipa."

Akacheka kile kicheko chake cha baani. Akaniambia baiskeli ile ni ya kijiji, kwamba ndiyo iliyoshinda mbio za Crocetta, kwamba chama cha waendesha baiskeli kimeshakubaliana na padri itundikwe kwenye kikanisa cha juu siku ya sikukuu, pamoja na zile nyingine za wenye majina. Kibao kimeshachongwa. Nikamwuliza kibao kimeandikwa jina la nani.

Unajua kimeandikwa jina la nani.

Hapo ndipo moto uliponiwaka, na haujazimika hadi leo. Nimekua nikiisikia hadithi ile, Shangazi. Galdino akiinuka kwenye kona ya mwisho, Galdino akimwacha yule bingwa wa bondeni nyuma, Galdino akitapika uani mwa kanisa kwa uchovu. Kila alipoianza pale baani, Babu aliweka karata zake chini akatoka nje. Nilidhani anakwenda kuvuta sigara. Hadi uliponisimulia mwenyewe Krismasi: kwamba chama hakikuandikisha wanawake, kwamba namba ilitolewa kwa jina la kaka yako Galdino na ukaibandika wewe mgongoni, ukapanda, ukashinda, kwamba waliokuwepo waliona, wakacheka, wakala, wakaenda zao. Wakaliacha jina kwenye ubao wa baa. Na sisi tuliozaliwa baadaye tulisoma ubao.

Nilimwambia Baba mkubwa haitatundikwa. Akasema, "Rudi chuoni, binti. Baiskeli si kitabu." Baba yangu alikuwa pale mlangoni, amesikia kila kitu. Alikohoa tu.

Kisha nikafanya kosa la kwenda Milano kwenye mtihani.

Nilikuwa nimeacha kazi moja, vile vikombe viwili vinavyoshika beringi za pedeli, chini kabisa ya fremu. Babu alivikaza kama mtu anayefunga benki. Nikaviloweka mafuta ili vilegee polepole, nikaondoka. Niliporudi uani palikuwa patupu. Mama akaniambia Galdino na mwanawe Denis waliichukua, "wanaisafisha tu", wanataka kuirudishia vifaa vya zamani na kuipaka rangi upya. Rangi upya, Shangazi! Ile cheri ya Babu ikwanguliwe ili jina la mtu mwingine likae vizuri!

Nilikwenda kwa Denis kwa miguu. Unajua binamu yangu siku hizi ana duka kule barabarani, anauza baiskeli za kigeni nyepesi kama mkate mkavu, na mtu akiingia na baiskeli ya chuma humwita "mzee wa makumbusho". Nilikuta fremu imebanwa kwenye jiriwa. Sakafuni palikuwa na unga wa chuma.

Usisome hapa ukiwa umesimama.

Wewe ulikua karakanani, kwa hiyo huhitaji kuambiwa: fremu za Babu, kama za mafundi wote wa hapa, vikombe vyote viwili hufunguka kwa kuzungusha kushoto. Ni kwenye baiskeli za kigeni tu ambapo kile cha upande wa mnyororo hufunguka kwa kulia. Denis anafungua za kigeni tangu asubuhi hadi jioni. Akashika spana, akazungusha kulia. Kikombe kikagoma. Akaongeza bomba kwenye mpini wa spana. Kikagoma. Akamwita baba yake, wakaning'inia wote wawili kwenye bomba, walinzi wa mila, watetezi wa chuma cha Babu, wakikaza kile walichodhani wanakifungua. Mpaka kikalia. Hesi zote za fremu, ile mistari ya ndani ambayo Babu aliichonga kwa mkono wake, zikanyolewa kama ndevu.

"Ilikuwa imekwama, bwana," Denis akaniambia.

"Imekwama wakati ulikuwa unaikaza!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Wewe ni mjukuu wa nani, Denis?"

Baba mkubwa akasema haidhuru. Nakunukulia neno kwa neno: "Haidhuru, itakuwa ukutani. Ukutani haipigwi pedeli."

Niliokota spana ya Denis, Shangazi, nikaiweka chini tena kwa sababu sikujiamini. Nikaichukua fremu begani nikatoka nayo, na hakuna aliyenizuia. Nyuma yangu mzee Tarcisio, aliyekuwa ameleta baiskeli ya mjukuu wake, alikuwa anasema, "Galdino, mwanao ni fundi wa ajabu. Kakaza mpaka kafungua!"

Nililia siku mbili. Mama aliniletea ugali wa polenta chumbani na kuirudisha jikoni. Nilichokuwa nikikiona ni kwamba wameshinda kwa ujinga. Fremu isiyoweza kushika pedeli ni pambo, na pambo mahali pake ni ukutani.

Lakini vitu vya kisasa wanavyovidharau vina akili yake. Nikagundua kwamba kuna kifaa cha leo kilichotengenezwa kwa ajili ya fremu zilizoharibiwa namna hii hasa. Hakihitaji hesi hata moja. Nusu yake huingia kushoto, nusu kulia, zinakutana katikati na kukazana zenyewe kwa zenyewe, zikiibana fremu kwa nje. Nilikifunga Jumamosi. Nikazungusha mikono ya pedeli kwa kidole kimoja, ikazunguka kimya hadi ikasimama yenyewe. Ndiyo siku niliyokula tena.

Jana ilikuwa sikukuu ya Crocetta.

Wao walipanda kwa magari, na kibao na bisibisi. Niliwatumia ujumbe kwamba baiskeli itafika. Sikudanganya. Nilianza kwenye daraja kama ulivyoanza wewe, na gia zangu nyepesi ambazo wangezicheka, na nilipanda mwinuko ule wote kwa hasira. Sikuona maua wala bonde. Kila kona niliitukana kwa jina la mtu. Kwenye ile kona ya mwisho miguu ilitaka kusimama, nikakumbuka wewe hukuwa na gia ya kukimbilia, nikaona haya, nikainuka kwenye kiti.

Walikuwa wamesimama mlangoni mwa kikanisa, chama kizima na skafu zao. Ndani, chini ya ndoano mpya, kibao kilikuwa kimeshafungwa kwa skrubu: GALDINO. Baba mkubwa alinyoosha mikono aipokee, kama anayepokea mtoto wa ubatizo.

Shangazi, nilikuwa nimeandaa hotuba kutoka darajani hadi juu. Pumzi ikaniishia. Nikasema tu, kwa adabu yote niliyolelewa nayo, "Shikamoo Baba mkubwa. Kabla hatujaitundika, kaa basi juu yake, tukupige picha."

Watu wakapiga makofi. Unamjua kaka yako na picha. Akavua koti, akarusha mguu, akakaa.

Babu aliipima fremu ile kwa mwili wako. Galdino ana miguu ya korongo. Magoti yakampanda hadi kifuani, akajaribu kukanyaga pedeli, goti likagonga usukani, akayumba, padri akamdaka. Alikuwa kama dubu wa sarakasi. Vijana walikuwa wakitazama magoti, kisha kibao, kisha magoti.

Ndipo mzee Tarcisio, aliyejua siku zote, aliyekuwa pale siku ile na akacheka na akanyamaza, akasema taratibu, "Ehe, Galdino. Au mwaka ule wewe ulikuwa mfupi?"

Walicheka hadi kengele ikapigwa. Mimi sikucheka. Tarcisio naye simsamehe upesi hivyo, alikuwa na miaka arobaini ya kulisema neno hilo.

Baba mkubwa alishuka. Aliponipa baiskeli alininong'oneza, nami nakuandikia kwa sababu ni lako kulijua: "Aliondoka mwenyewe, Marzia. Mtu akiondoka, vitu vyake huwa vya waliobaki." Macho yake yalikuwa mekundu. Huenda angestahili huruma. Mimi sina bado.

Na kwa kuwa nimeapa kukuandikia kweli, nimekukasirikia hata wewe. Kwa nini ulinyamaza? Ulituma picha za watoto, ulituma majani ya ile chai ya mate ya huko, ulituma salamu kwa Galdino kila mwaka mpya, na hukutuma sentensi moja. Ningekua na sentensi hiyo. Ningekuwa msichana mwingine.

Baiskeli iko chumbani kwangu, safi, imefunikwa shuka. Leo asubuhi nimekuta Baba ametia upepo kwenye tairi.

Msalimie sana Mjomba Aníbal, na Graciela na watoto wake, na umbusu yule mdogo ambaye sijamwona. Mama anakusalimu, Baba anakusalimu na kukohoa. Mungu alilinde goti lako na akupe majira mazuri ya baridi.

Ndoano kule Crocetta ni tupu. Kibao bado kipo chini yake. Skrubu ni mbili, nazo hufunguka kwa kushoto. Nilikuwa na bisibisi mfukoni jana, nikaishika, nikaiacha. Si kazi yangu. Kiti cha baiskeli nimekifunga kwenye ule mkwaruzo wa zamani wa urefu wako, na gia ziko nyepesi za kutosha hata kwa goti bovu.

Njoo ukakifungue kile kibao mwenyewe.

Akupendaye hata akiwa na hasira,
binti wa kaka yako,

Marzia