Mninga Wenye Mawimbi

Mjukuu wangu Zena,

Marahaba. Babu yako kapona kikohozi, na maharage tumeshavuna. Unauliza nilijuaje kutambua mbao zenye mawimbi.

Enzi za Mdachi, tukiwa tumeoana karibuni, mninga ulianguka shambani kwetu mlimani. Babu yako, ingawa ni seremala, akainua shoka apasue kuni. Mimi nilibandua gome, nikapapasa shina, nikahisi mikunjo midogo midogo.

“Usipasue,” nikamwambia. “Humu mna mawimbi.”

“Umeyaona wapi?”

“Nimeyagusa.”

Akacheka, lakini akaleta msumeno. Randa ilipopita, ubao ukang'aa, mistari yake ikijipinda kama maji yanayopulizwa na upepo. Akaita majirani: “Njooni muone alichokigundua mke wangu!”

Tangu siku hiyo hakununua gogo mjini Morogoro kabla sijalipapasa.

Bibi yako, anayejivuna mpaka leo