Mafiga Tuliyoyakuta Mchangani

Riziki binti yangu, infirmière, muuguzi wa mama yake,

Usishangae barua. Simu yako haipiti tangu juzi, ndiyo maana nimempa mwenye boti ya Kalemie karatasi hii. Na batu baseme Mama Riziki aliishia darasa la nne: kuandika nitaandika.

Unakumbuka tulivyofika huku juu ya mji wa Baraka? Mchanga mtupu. Nyumba nne, jua, na upepo wa saa sita uliofuta nyayo zetu tukiwa bado tunatembea. Maji tulishuka kuyachota ziwani. Marehemu baba yako alipochimba pa kusimamisha jiko, jembe liligonga mafiga matatu, yamekaa vizuri kama mtu ametoka kuyapanga sasa hivi. Nikasema asante, kazi imepungua. Bibi yako alinifundisha kwamba mafiga ya mwanamke mwingine hayapikiwi kabla hajaombwa. Lakini ningemwomba nani? Mchanga? Nikawasha moto.

Ulikuwa na miaka mitano. Mchana ule ule ukamega bugali yako, ukaiweka kwenye sahani kando ya moto.

"Ya nani?"

"Ya ule mama. Anakaaka pale, kwa moto."

"Mama gani, wee mutoto?"

"Mwenye sikio moja limechanika."

Nilikuchapa kidogo, nisamehe. Kesho yake ukaweka tena. Mwaka mzima! Kuku hawakuigusa ile sahani, wala nzi. Baba yako alicheka: "Mutoto wako iko na roho ya kukaribisha bageni." Nami nikajisifu kwa majirani, maana nani mwingine alikuwa na mtoto kama huyo? Ulipoanza kusoma école ukaacha, nasi tukasahau. Mji ukajaa mabati na maduka.

Juzi, jua la utosi, mama mmoja akaingia uani. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akagusa mafiga, la kwanza, la pili, la tatu. Akasema ni yake, alikimbia vita, akavuka ziwa, na miaka yote hii amekuwa kambini ng'ambo. Kumbe alikuwa hai, Riziki! Wakati wote ulipokuwa unamwona hapa, alikuwa hai kwingine. Nikamwambia mafiga ni yako, mama, na kiwanja tukae tuzungumze. Akatikisa kichwa, kitambaa kikateleza. Sikio nililiona.

"Kiwanja sitaki. Ule mutoto mwenye alikuwaka ananilisha, iko wapi?"

Hapo mdomo wangu, unaujua. Ningesema simjui. Lakini mtu anaulizia mtoto wangu, mimi ninyamaze? Nikamwaga yote: infirmière, Kalemie, mtaa, geti la bluu, hata saa unazotoka kazini. Alisikiliza akitabasamu.

"Sasa nitashiba," akasema.

Niligeuka kumletea kiti. Kurudi, uani hapana mtu, na mchangani hapana nyayo ila zangu.

Boti itakayofuata, mimi niko ndani. Mpaka nifike, usimfungulie mtu, hata akikuita kwa sauti yangu hii hii, polepole, kwa upendo; wasio na nyayo huazima sauti za watu. Mimi sitakuita. Nitaanza kukusifu bandarini, nipande na sifa hizo mtaa mzima, batu batoke nyumbani wakiuliza ni mama gani huyu mwenye makelele. Ukisikia majirani wamekasirika, fungua.

Mwenye kukuzaa na kukutangaza,
Mama yako