Fromaji Yenye Iliruka Lupango

Dada Furaha,

Usalimie wote ku Shasha, na samaki ya ziwa pia. Huku Nyamitaba, ku milima, baridi inauma mpaka masikio, lakini kwanza cheka.

Unakumbuka ule muchezo wa telefone wenye nilitengeneza ku masomo, fromaji, ile jibini ya maziwa, inatoroka ku mulima, inaruka lupango, ule uzio wa ngombe, na wewe unaifukuza? Profesa alinipa zero: "Teori unajua, lakini fromaji ya kweli haiwezi kuruka lupango!" Njo akatuleta huku tuone pratike.

Leo, ku ferme ya Mama Sifa, shamba yake ya ngombe, akaomba fromaji nzima, ya muviringo kama gurudumu, akaisimamisha ku kilima. "Muangalie vizuri. Itaenda kidogo, italala." Akaiachilia.

Dada, haikulala! Ilishuka mbio, ikagonga jiwe, ikaruka lupango, ikapita mu maharagi, ngombe wakatawanyika. Profesa akaifuata na viatu vyake vya ofisi, akateleza mu matope, akamaliza kilima kwa matako. Mama Sifa analalamika: "Papa Profesa, unachezea chakula?" Sisi wanafunzi tunapiga makofi: iko muchezo wangu kabisa!

Profesa alipopanda tena, matope mpaka mu ndevu, nikamuuliza pointi zangu. Akasema: "Bado. Mu muchezo wako mwenye kufukuza haanguki. Enda urekebishe."

Nimesharekebisha. Nimemuweka Profesa mu muchezo, na viatu vyake vya ofisi.

Mungu akufunike na joto lenye mimi sina. Ninakuletea kipande cha ile fromaji. Ukiona manyasi ndani, upanguze tu.

Kaka yako,
Baraka