Mtoto wa Domitila

Kigali, Jumanne, Februari 1994

Na bado Domitila, yaya wetu, hajasema kama atabaki.

Asubuhi alimbeba mwanangu Keza mgongoni kumpeleka chanjo, wakasimamishwa na wanamgambo kwenye bariyeri mpya ya Kicukiro, kizuizi cha barabarani. Wakageuza kitambulisho chake, wakatafuta jina la mtoto nyuma, wanapoandikwa watoto wa mwenye kitambulisho. Halimo. "Mtoto wa nani huyu?" Kitambulisho chake kinasema Mhutu, changu Mtutsi. Akajibu, "Ni wangu. Sijamwandikisha tu." Wakawaachia.

Niliporudi kutoka kazini akaniambia, "Mama Keza, mimi naogopa. Nataka kurudi kwetu."

Nimemwahidi kumwongeza mshahara, sijui nitautoa wapi. Nilishatafuta yaya mwingine mpaka Gisozi. Hakuna anayekubali kulea kwa watu kama sisi. Na nisipofika hotelini kufua, kazi inakwenda kwa mwingine.

Lakini kinachoninyima usingizi ni mdomo wa Keza. Ana miaka miwili, ndiyo anaanza kusema, na Domitila anamwita Domi, si mama. Siku wakimsikia hapo bariyeri...

Jioni nilimpakata, nikamwonyesha Domitila. "Sema mama." Akacheka, akanishika shavu mimi. "Mama!"

Nikautoa mkono wake.

"Hapana. Mama yule pale."