Ncha Mbili Zimekutana

Karakana,
Jumamosi mchana

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na shangazi hakuandami sana na ile dawa yake chungu. Mama naye, kikohozi kimemwacha? Mwambie nakula vizuri, asianze kuniwazia. Mimi ni mzima, ila mikono imejaa grisi hadi kwenye kucha. Ukiona madoa kwenye karatasi usinikasirikie, nimeshindwa kungoja hadi ninawe.

Wiki mbili zilizopita shafti ya pampu ya maji ya mji ilikatika vipande viwili. Mabomba yakakauka. Wauguzi wa hospitali wakawa wanapandisha madumu ya maji ngazi kwa ngazi hadi wodi ya wazazi. Shafti mpya ingechukua miezi mitatu kufika, na meneja wetu akasema sisi tusijisumbue, kwani ile mashine yako ya kukerezea, Bibi Kizee, haijatoa shafti ndefu iliyonyooka tangu miezi yako ya mwisho hapa. Kisha akarudia yale maneno yake ya siku aliyokustaafisha, kwamba macho ya mzee yalikuwa yamechoka. Alisema mbele yangu, baba. Nikamwomba siku mbili niichunguze mashine. Akacheka, akasema nichukue hata tatu.

Nilianza na kisu cha kukatia. Nikakinoa upya, nikakereza fimbo ndefu ya majaribio: bado ilikuwa nene upande wa kichwa cha nyuma, kile kinachoshikilia mwisho wa fimbo, kwa unene wa kama karatasi mbili hivi. Nikakata kipande kifupi kilichoshikwa na kichwa cha mbele peke yake, kile kinachozungusha. Kikatoka sawasawa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo beringi za mbele hazikuwa na kosa. Hapo nikafanya ulivyonifundisha: nikazisogeza ncha za vile vichwa viwili, ya mbele na ya nyuma, zikutane na wembe katikati. Wembe ukalala upande, maana yake ncha hazikuelekeana. Ncha ya nyuma ilikuwa imekimbilia ukutani, mbali na kisu.

Nikalegeza bolti, nikaanza kukaza skrubu ya pembeni ili kichwa cha nyuma kirudi kwangu. Kikasogea kidogo, kisha kikagoma kabla ya kufika kwenye alama ya katikati. Fundi wa kuchomelea, yule tunayemwita Cheche, akashauri nitumie nyundo. Nikamwambia akampige mama mkwe wake. Nikakumbuka kwamba wewe uliomba siku moja tu ya kukifungua kichwa hicho, ukanyimwa kwa sababu kazi zilikuwa nyingi. Basi mimi nikakifungua. Nikatenganisha sehemu ya juu na kitako chake, nikafuta matope ya mafuta ya miaka, na pale kwenye mtaro kinamopita kile chuma cha kuongozea nikaona kipande cha bati kimejibana, chembamba kama ukucha. Ndicho kilichokuwa kinazuia.

Nilikitoa, nikasafisha, nikafunga tena. Safari hii skrubu ilizunguka laini hadi kwenye alama. Wembe ukasimama wima. Nikapitisha saa ya kupimia kwenye fimbo nyingine ya majaribio, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mshale haukutikisika. Nilipiga ukelele hadi mlinzi akaja mbio akidhani nimekatwa kidole!

Shafti ya pampu niliikereza Alhamisi. Jana asubuhi tuliifunga; beringi zilikaa mahali pake bila kulazimishwa. Pampu ikawashwa, ikanguruma, ikatulia. Baada ya robo saa muuguzi mkuu akapiga simu akipaza sauti kwamba maji yamefika wodini, na nyuma yake nikasikia watu wanashangilia. Cheche alicheza na barakoa yake ya kuchomelea kichwani. Macho yako, baba, hayakuwa na kosa lolote. Mashine ndiyo iliyokuwa inakusingizia.

Lakini lipo jingine. Kile kipande cha bati ni changu. Nilipokisugua nilikuta rangi ya bluu ya kopo la siagi, na nikalitambua mara moja. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mchana mmoja ulipokwenda kula, nilitaka kukukerezea mpini wa patasi, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, nikushangaze. Nikakisogeza kichwa cha nyuma pembeni, na kwa kuwa hakikutulia nikakichomekea bati. Niliposikia viatu vyako nikakirudisha harakaharaka kwa kukisia. Bati nikalisahau. Ila siku walipokustaafisha kwa sababu ya zile shafti zilizopinda nilikuwa nimesimama pale pale, nikijua kwamba nilikichezea, na sikufungua mdomo. Nilijiambia nilikirudisha vizuri. Niliogopa, baba. Nisamehe.

Jana, watu wakiwa bado wanapongezana, niliwaeleza wote. Meneja akavua kofia, akasema mimi nina kosa la bati, yeye ana kosa la kukunyima ile siku moja. Jumatatu anakuja kwako mwenyewe kukuomba radhi na kukuomba urudi, hata kwa siku mbili za wiki, utufundishe. Nimeandika leo, na dereva wa lori anakuletea barua hii jioni, kwa sababu nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwake.

Msalimie mama, na shangazi, na majirani wote waliokuwa wakikuuliza umestaafu kwa nini. Sasa una la kuwajibu.

Ni mimi binti yako,
fundi wa Bibi Kizee